Kibarua wa Serikali na Haki Zake: Mafunzo Kutoka India

Neno "kibarua" sote tunalijua. Je, unajua lilikotoka? Limetoka katika neno "barua". Kibarua ni barua ndogo. Zamani, huku pwani, mtu aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kikaratasi. Kikaratasi hicho kilikuwa ushahidi kuwa amefanya kazi siku hiyo. Alikitoa, akalipwa. Baadaye watu wakamwita mfanyakazi mwenyewe kwa jina la karatasi yake.

Jambo hili lina maana kubwa kwako wewe uliyejifunza kusoma na kuandika. Tangu mwanzo, malipo ya kibarua yalitegemea karatasi. Hata leo ni hivyo.

Katika somo hili tutasoma habari za vibarua wa serikali katika nchi ya India. Kwa nini India? Kwa sababu vibarua wa huko wamepeleka madai yao mahakamani kwa muda wa miaka 40 hivi. Mahakama imetoa hukumu nyingi. Hukumu nyingine ziliwapa vibarua haki. Hukumu moja kubwa iliwafungia mlango. Zote zina mafunzo kwetu.

Soma polepole. Ukikuta neno gumu, tazama maana yake mwisho wa somo.

KIBARUA WA SERIKALI NI NANI?

Serikali ina watumishi wa aina nyingi. Wako watumishi wa kudumu. Mtumishi wa kudumu ana barua ya kuajiriwa. Ana mshahara wa mwezi. Kila mwaka hupata nyongeza. Ana likizo yenye malipo. Akizeeka hupata pensheni.

Wako pia wafanyakazi wa kutwa. Hawa hulipwa kwa siku walizofanya kazi. Siku ya kuumwa hakuna malipo. Siku ya sikukuu hakuna malipo. Mkubwa wa kazi akisema, "Kesho usije," kazi imekwisha.

Kama kazi yenyewe ni ya siku chache, utaratibu huu si mbaya. Daraja limevunjika, watu wanaitwa, wanalitengeneza, wanalipwa, wanarudi mashambani kwao. Hiyo ni kazi ya muda kweli.

Lakini fikiri juu ya mfagiaji wa ofisi. Ofisi hufagiliwa kila siku, mwaka hata mwaka. Je, hiyo ni kazi ya muda? Hapana. Ni kazi ya kudumu. Ila mtu anayeifanya anaitwa wa muda. Kazi ni ya kudumu, mtu ni wa kutwa. Hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Huko India wako watu waliofanya kazi hivyo kwa miaka 10, wengine miaka 20 na zaidi. Walifagia, walitunza bustani, waliendesha magari, waliandika katika madaftari ya serikali. Mezani walikaa pamoja na mtumishi wa kudumu. Siku ya malipo walitengana.

MADAI MAWILI, USIYACHANGANYE

Vibarua wa India walikuwa na madai mawili.

Dai la kwanza ni malipo. Walisema, "Tukifanya kazi ile ile anayoifanya mtumishi wa kudumu, tulipwe kama yeye."

Dai la pili ni ajira ya kudumu. Walisema, "Tumefanya kazi miaka mingi. Sasa tuandikwe kuwa watumishi wa kudumu."

Madai haya ni ndugu, lakini si pacha. Mtu anaweza kushinda dai la kwanza akashindwa dai la pili. Wengi hupotea hapa.

DAI LA KWANZA: KAZI SAWA, MALIPO SAWA

Katiba ya India ilianza kutumika tarehe 26 Januari, 1950. Kifungu cha 14 kinasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Kifungu cha 16 kinasema raia wote wapate nafasi sawa katika kazi za serikali. Kifungu cha 39 kinaitaka serikali ilenge malipo sawa kwa kazi sawa, kwa wanaume na wanawake.

Lakini kifungu hicho cha 39 kimo katika sehemu ya malengo ya taifa. Sehemu hiyo ni mwongozo kwa serikali. Mtu hawezi kuishtaki serikali kwa kifungu hicho peke yake. Basi kwa muda mrefu maneno yale yalikaa katika kitabu tu.

Mwaka 1982 dereva mmoja wa polisi wa Delhi alikwenda Mahakama ya Juu. Alisema, "Mimi naendesha gari. Madereva wa idara nyingine za serikali nao wanaendesha magari. Kwa nini wao wanalipwa zaidi yangu?" Mahakama ilikubali. Ilisema kuwa ukisoma kifungu cha 14, cha 16 na cha 39 kwa pamoja, utaona kuwa malipo sawa kwa kazi sawa ni jambo ambalo mahakama inaweza kulisimamia.

Dereva yule hakuwa kibarua. Lakini mlango ulikuwa umefunguka, na vibarua wakaufuata.

Mwaka 1985 ilikuja kesi ya wafanyakazi wa kutwa wa vituo vya vijana vinavyoitwa Nehru Yuvak Kendra. Serikali ilijitetea hivi: "Watu hawa walijua tangu siku ya kwanza kuwa watalipwa kwa kutwa. Walikubali wenyewe. Sasa wanalalamikia nini?"

Je, wewe ungejibu nini? Mahakama ilijibu kuwa, katika nchi yenye watu wengi wasio na kazi, maskini hana nafasi ya kuchagua. Ama akubali malipo anayopewa, ama alale na njaa. Kukubali kwa namna hiyo si ruhusa ya kumpunja. Mahakama ikaamuru walipwe sawa na watumishi wa kudumu wanaofanya kazi kama yao.

Mwaka 1987 ikaja zamu ya vibarua wa idara ya posta na simu. Mahakama iliamuru walipwe kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa kudumu wa kazi kama zao. Tena iliiambia serikali itengeneze mpango wa kuwaandika, kadiri iwezekanavyo, wale waliokwisha kufanya kazi mfululizo zaidi ya mwaka mmoja.

Hukumu inayotajwa sana ni ya tarehe 26 Oktoba, 2016. Kesi hiyo ilitoka katika jimbo la Punjab. Mahakama ya Juu ilisema kuwa mfanyakazi wa kutwa, wa muda au wa mkataba, akifanya kazi sawa na ya mtumishi wa kudumu, anastahili kima cha chini cha ngazi ya mshahara ya mtumishi huyo. Iliongeza kuwa mtu hakubali malipo madogo kwa hiari yake. Hukubali ili alishe jamaa yake, na kwa kufanya hivyo huuza heshima yake.

TUPIGE HESABU

"Kima cha chini cha ngazi ya mshahara" maana yake nini? Tufanye mfano. Tarakimu hizi ni za mfano tu.

Tuseme mfagiaji wa kudumu huanza na shilingi 400,000 kwa mwezi. Kila mwaka huongezwa shilingi 10,000. Akifanya kazi miaka 10, anapata shilingi 500,000.

Kibarua anafagia ofisi hiyo hiyo. Analipwa shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 26 anapata shilingi 260,000.

Kwa hukumu ya 2016, kibarua huyo anastahili shilingi ngapi? Anastahili 400,000, yaani mshahara wa kuanzia. Hapati 500,000, kwa sababu nyongeza za kila mwaka ni za mtumishi wa kudumu. Lakini amepata shilingi 140,000 zaidi kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 1,680,000. Hiyo ni ada ya shule na mabati ya nyumba.

Lakini kumbuka sharti moja. Anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha kuwa kazi ni sawa. Jina la kazi peke yake halitoshi. Mahakama hutazama kazi yenyewe, wajibu wake, na sifa zinazotakiwa. Kama mtumishi wa kudumu anashika funguo za ghala na kuulizwa mali ikipotea, na kibarua haulizwi, basi kazi zao si sawa.

DAI LA PILI: AJIRA YA KUDUMU

Dai hili lilikuwa gumu zaidi. Hukumu yake kubwa ilitolewa tarehe 10 Aprili, 2006. Majaji walikuwa watano. Kesi ilitoka katika jimbo la Karnataka. Baadhi ya waliodai walikuwa wafanyakazi wa kutwa wa idara ya kodi za biashara, waliokuwa wamefanya kazi zaidi ya miaka 10.

Mahakama ilisema hapana. Kufanya kazi miaka mingi peke yake hakumpi mtu haki ya kuandikwa kazi ya kudumu.

Usikasirike kabla ya kusikia sababu yake. Kazi ya serikali ni mali ya raia wote. Inapasa itangazwe, watu waombe, wapimwe, na anayefaa achukuliwe. Mkubwa wa ofisi akimwingiza mpwa wake kama kibarua leo, halafu baada ya miaka 10 mpwa akapewa kazi ya kudumu, je, vijana wa kijijini ambao hawakuona tangazo wametendewa haki? Hao nao wana haki chini ya kifungu cha 16. Mahakama ilikataa watu kuingia kwa mlango wa nyuma.

Hata hivyo mahakama iliacha tundu dogo. Iliiagiza serikali iwaandike, kwa mara moja tu, wale waliotimiza masharti haya:

1. Wana sifa zinazotakiwa kwa kazi hiyo.
2. Nafasi wanayoifanyia kazi imo katika ikama na iko wazi.
3. Wamefanya kazi miaka 10 au zaidi.
4. Miaka hiyo haikupatikana kwa amri ya mahakama ya kuwaweka kazini.
5. Kuchukuliwa kwao kulikuwa na kasoro ya utaratibu tu. Hakukuwa kinyume cha sheria kabisa.

Mtu mwenye sifa, katika nafasi halali, lakini aliyechukuliwa bila usaili kamili, huyo ana kasoro. Mtu asiye na sifa, au aliyechukuliwa mahali pasipo na nafasi, huyo yuko nje ya sheria.

Na malipo je? Vibarua wale wa idara ya kodi walikosa ajira ya kudumu, lakini mahakama iliamuru walipwe mshahara wa ngazi ya chini ya kazi zao. Unaona sasa kwa nini nilisema usichanganye madai mawili.

NGAO IKAGEUZWA MKUKI

Hukumu ya 2006 ilikusudiwa kuzuia upendeleo. Lakini ofisi nyingi ziliitumia kwa namna nyingine. Ziliendelea kuchukua vibarua kwa kazi za kila siku. Vibarua walipodai haki, ofisi zilijibu, "Mahakama imesema hamna haki." Ngao ya kulinda raia wote ikawa mkuki wa kumchoma mnyonge.

Tarehe 20 Desemba, 2024, Mahakama ya Juu ililisema jambo hili waziwazi. Wafagiaji na mtunza bustani wa Tume Kuu ya Maji ya India walikuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi. Walidai haki katika baraza la kazi, wakashindwa. Mwaka 2018, muda mfupi baada ya kushindwa, wakaachishwa kazi ghafula. Mahakama iliwarudisha kazini na kuamuru waandikwe. Ilisema ofisi isishike jina lililoandikwa siku ya kwanza, bali itazame kazi yenyewe. Kama kazi ni ya kila siku na ofisi haiwezi kwenda bila hiyo, si kazi ya muda. Hawakupewa malipo ya siku walizokuwa nje, lakini miaka yao yote ilihesabiwa kwa mafao ya uzeeni.

Tarehe 31 Januari, 2025, ikaja kesi ya watunza bustani wa manispaa ya Ghaziabad. Hao waliachishwa kazi mwaka 2005 kwa maneno ya mdomo, bila notisi na bila fidia. Manispaa ilisema hawakuwa watu wake. Basi daftari la mahudhurio liko wapi? Manispaa haikulitoa. Mahakama ilisema kuwa mwajiri ndiye mtunza daftari. Akilificha, mahakama inaweza kuamini kuwa lina habari zisizompendeza. Watunza bustani walirudishwa kazini na kupewa nusu ya malipo ya miaka waliyokuwa nje.

Tarehe 19 Agosti, 2025, mahakama iliamua kesi ya wafanyakazi wa kutwa wa tume moja ya elimu katika jimbo la Uttar Pradesh. Walianza kazi kati ya 1989 na 1992. Serikali ilijitetea kuwa haina fedha. Mahakama ilijibu kuwa serikali haiwezi kusawazisha hesabu zake juu ya mgongo wa watu wanaofanya kazi zake za kila siku. Ikaamuru wahesabiwe kuwa wa kudumu tangu mwaka 2002.

Tazama muda waliongoja. Kutoka 1992 mpaka 2025 ni miaka 33. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule amekwisha kuwa na watoto wake. Haki ilipatikana, lakini ilichelewa mno.

NA HUKU KWETU JE?

Hukumu za India ni za India. Hazimlazimishi hakimu wa Tanzania wala wa Kenya. Lakini swali ni lile lile, nasi tunazo sheria zetu.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, kifungu cha 23, inasema kila mtu ana haki ya kupata ujira unaolingana na kazi yake, bila ubaguzi wa aina yoyote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Maelezo hayo yataje kazi, tarehe ya kuanza, mahali, saa za kazi na malipo. Kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna atakayoelewa. Na kama ugomvi ukitokea, mwajiri akashindwa kutoa maandishi, yeye ndiye atakayepaswa kuthibitisha masharti ya kazi yalikuwaje.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inahusu vibarua hasa. Kibarua akifanya kazi siku za mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi. Vivyo hivyo kama kazi yenyewe haitegemewi kwisha katika miezi mitatu.

Watumishi wa umma wana taratibu zao za kupeleka madai. Uliza kabla ya kuanza.

MAMBO YA KUFANYA

Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Jasho lako ni mali. Liwekee daftari.

1. Nunua daftari dogo. Kila siku ya kazi andika tarehe, kazi uliyofanya, saa ya kuanza na ya kumaliza, na jina la msimamizi.
2. Ukilipwa, andika kiasi na tarehe. Hati ya malipo usiitupe. Iweke mahali pakavu, mbali na panya na mvua.
3. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Kama huielewi, omba uelezwe. Usione haya.
4. Tazama mtumishi wa kudumu afanyaye kazi kama yako. Andika yaliyo sawa na yasiyo sawa. Andika ukweli mtupu, maana uongo mmoja huharibu kweli kumi.
5. Jua dai lako. Unadai malipo, au ajira ya kudumu, au yote mawili?
6. Usikae na dai. Sheria huweka muda. Kwa mfano, kanuni za Tanzania za mwaka 2007 ziliweka siku 30 tu kupeleka dai la kuachishwa kazi isivyo haki mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.
7. Nendeni pamoja. Kesi nyingi ulizosoma hapa zilidaiwa na watu wengi kwa pamoja. Jiungeni na chama cha wafanyakazi. Ulizeni ofisi ya kazi ya wilaya.

MANENO MAGUMU

Ikama: hesabu ya nafasi za kazi ambazo serikali imekubali kuzilipia.
Kima cha chini: kiasi kidogo kabisa kinachoruhusiwa.
Mahakama ya Juu: mahakama iliyo juu ya mahakama zote za nchi.
Pensheni: malipo apewayo mtumishi akistaafu.
Usaili: kumhoji na kumpima mtu anayeomba kazi.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Taja madai mawili ya vibarua wa India. Yanatofautianaje?
2. Kwa nini mwaka 2006 mahakama ilikataa kuwapa vibarua ajira ya kudumu? Je, unaona ilikuwa na haki? Toa sababu.
3. Kibarua anapata shilingi 8,000 kwa siku, kwa siku 26. Mtumishi wa kudumu huanza na shilingi 350,000. Tofauti yao kwa mwezi ni kiasi gani?
4. Katika kata yenu, ni kazi gani za serikali hufanywa kila siku na vibarua? Zungumzeni katika kikundi: ni zipi za muda kweli, na ni zipi za kudumu?
5. Chora ukurasa wa daftari la kazi. Ujaze kwa siku 6 za juma hili.